Kuandaa nyumba kwa ajili ya kuuza wilayani Magu: haki na nyaraka zitangulie rangi ya ukuta

Mwananchi anayekusudia kuuza nyumba katika Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, huanza mara nyingi kwa kupaka rangi, kuziba nyufa na kumtafuta dalali. Kazi hizo zina umuhimu wake, lakini hazijibu swali la kwanza la mnunuzi makini: je, anayeuza ana haki ya kuuza, na haki hiyo inathibitishwa na nini? Nyumba ambayo swali hilo halijajibiwa hukaa sokoni muda mrefu, huuzwa kwa bei ya chini, au huuzwa kisha mauziano yakafikishwa mbele ya baraza la ardhi.

Suala hili lina uzito wa pekee Magu. Wilaya hiyo ipo kusini mwa Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, na inapitiwa na barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Musoma hadi Sirari, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Upande wa magharibi, maeneo ya Kisesa na Bujora yamepokea wakazi wengi wanaofanya kazi katika Jiji la Mwanza. Upande wa pili kuna vijiji ambako ardhi ingali ya ukoo na nyumba imejengwa ndani ya mji wa familia. Kwa hiyo, katika wilaya moja, nyumba mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa chini ya taratibu mbili tofauti za kisheria. Makala haya yanaeleza mambo ambayo muuzaji anapaswa kuyakamilisha kabla ya kutangaza nyumba, na kwa utaratibu unaofaa kufuatwa.

Kutambua aina ya ardhi

Ardhi yote nchini Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachouza mwananchi ni haki ya kuitumia ardhi pamoja na maendelezo yaliyofanyika juu yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria hizo zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi.

Nyumba iliyopo katika eneo lililopangwa na kupimwa, kama vile viwanja vya mji wa Magu, huwa juu ya ardhi ya jumla. Uthibitisho wake ni hati ya kumiliki ardhi, ambayo hutolewa kwa muda maalumu usiozidi miaka 99. Muuzaji anapaswa kusoma hati yake upya na kuhakiki jina, namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa, matumizi yaliyoruhusiwa na miaka iliyobaki. Tofauti ya herufi moja kati ya jina la kwenye hati na jina la kwenye kitambulisho cha Taifa inaweza kuchelewesha uhamisho. Ni vyema ikarekebishwa mapema kuliko kusubiri mnunuzi akiwa tayari na fedha.

Wapo wananchi wenye barua ya toleo peke yake, ambao hawakukamilisha malipo ya kuandaliwa hati. Hao wanashauriwa kukamilisha umilikishaji kwanza. Wengine wamejenga katika maeneo ambayo hayajapimwa na ushahidi walionao ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya viongozi wa mtaa au kitongoji. Karatasi hiyo ni ushahidi kwamba makubaliano yalifanyika, lakini haina nguvu ya hati. Mwenye nyumba ya aina hiyo anapaswa kuuliza katika ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya iwapo eneo lake limo katika mpango wa upimaji au urasimishaji wa makazi.

Nyumba iliyopo kijijini husimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Uthibitisho wake ni hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo kumbukumbu zake hutunzwa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Uhamisho wa haki hiyo unahitaji kuwasilishwa Halmashauri ya Kijiji na kupata ridhaa yake. Sheria inataka anayehamishiwa awe raia wa Tanzania anayeishi kijijini humo, au anayekusudia kuishi au kufanya kazi humo katika muda wa kuridhisha. Mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji hana mamlaka ya kuidhinisha mauziano peke yake. Uamuzi ni wa Halmashauri ya Kijiji katika kikao, na muhtasari wa kikao ndio ushahidi wake.

Ikiwa mnunuzi si raia wa Tanzania, sheria hairuhusu amilikishwe ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji yaliyoidhinishwa. Muuzaji anapaswa kulifahamu hilo kabla ya kupokea malipo ya awali.

Nani mwenye haki ya kuuza

Jina moja katika hati halina maana kwamba mtu mmoja anaweza kuuza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Nyumba hiyo ikiuzwa bila ridhaa, mwenza aliyeachwa nje ya makubaliano anaweza kuendelea kuwa na haki ya kuishi humo, hasa pale mnunuzi alipojua au alipopaswa kujua hali hiyo. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi nacho kinamtaka mnunuzi kuuliza iwapo mwenza au wenza wameridhia. Muuzaji akitoa taarifa za uongo, mwenza anaweza kuomba uhamisho huo utenguliwe.

Kwa sababu hiyo, ridhaa ya mwenza inapaswa kuandikwa, kusainiwa na kushuhudiwa kabla nyumba haijatangazwa. Katika ndoa ya wake wengi, wenza wote ambao haki zao zinaguswa na nyumba hiyo wanapaswa kushirikishwa. Muuzaji asiye na mwenza huandaa kiapo kinachoeleza hali yake ya ndoa. Aliyetalikiwa huambatanisha uamuzi wa mahakama na makubaliano ya mgawanyo wa mali.

Jambo la pili ni nyumba ya marehemu. Katika familia nyingi, mtoto mkubwa au ndugu wa marehemu hudhani kwamba kikao cha ukoo kinatosha kumpa mamlaka ya kuuza. Kikao cha ukoo hupendekeza tu. Mamlaka hutolewa na mahakama inapomteua msimamizi wa mirathi. Kwa mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, maombi hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Pale ardhi iliposajiliwa, jina la msimamizi huingizwa kwanza katika daftari la Msajili wa Hati, na ndipo uhamisho kwa mnunuzi ufuate.

Anayepuuza hatua hii huwaweka hatarini watu wawili kwa pamoja. Wa kwanza ni mjane au mtoto anayeishi katika nyumba hiyo na ambaye anaweza kuamshwa na mgeni mwenye karatasi ya mauziano. Wa pili ni mnunuzi aliyelipa fedha halali kwa mtu asiye na mamlaka. Sheria ya Ukomo wa Muda wa Madai inatoa miaka 12 ya kudai kurejeshewa ardhi. Mnunuzi anaweza kuwa amekwisha kujenga ukuta na kuongeza vyumba ndipo madai yanapofunguliwa.

Nyumba inayomilikiwa na watu zaidi ya mmoja, wakiwamo ndugu waliorithi kwa pamoja, inahitaji saini za wamiliki wote au hati ya uwakili iliyosajiliwa kwa asiyeweza kufika.

Kumaliza madeni na vifungo

Muuzaji anapaswa kulipa kodi ya pango la ardhi ya miaka yote anayodaiwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, na kutunza stakabadhi. Deni la pango huonekana katika mfumo wakati wa uhamisho na huzuia hatua zinazofuata.

Kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU tangu mwaka 2021. Viwango vilivyowekwa mwaka 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kiwango cha juu zaidi kwa jengo la ghorofa. Pale ambapo mita ilikaa muda mrefu bila kununuliwa umeme, deni hujikusanya. Muuzaji anunue umeme na kuhakikisha salio la deni limekwisha. Ankara za maji nazo zinapaswa kulipwa, na akaunti iandaliwe kuhamishiwa kwa jina la mmiliki mpya.

Nyumba iliyowekwa rehani benki haiwezi kuhamishwa bila ridhaa ya benki. Mkopo ukishalipwa, mmiliki ahakikishe rehani imefutwa katika daftari la Msajili wa Hati. Kurudishiwa hati mkononi hakutoshi. Upekuzi rasmi katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa wa Mwanza utaonesha kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama. Muuzaji anayefanya upekuzi wake mwenyewe kabla ya mnunuzi hupata nafasi ya kuondoa kasoro mapema.

Iwapo nyumba ina wapangaji, mikataba yao itajwe kwa mnunuzi. Kodi waliyolipa mbele na siku ya mwisho ya mkataba ziandikwe bayana.

Mipaka, barabara na ziwa

Alama za mipaka zilizopandwa na mpimaji zinapaswa kuonekana. Zikiwa zimefukiwa au kung'olewa, mpimaji wa Halmashauri au mpimaji aliyesajiliwa ndiye anayerudisha. Majirani washirikishwe na kuweka saini pale inapohitajika, hasa katika eneo lisilopimwa, ambako ushahidi wao ndio mpaka wenyewe.

Kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, kupitia Kisesa, Nyanguge na Magu mjini, nyumba nyingi zipo jirani na hifadhi ya barabara. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Chumba cha biashara kilichojengwa ndani ya hifadhi hakiongezi thamani ya nyumba. Mnunuzi anayebaini hali hiyo baada ya kulipa atakuwa na sababu ya kudai.

Kwa nyumba zilizo ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kanuni hiyo inahusu Ziwa Victoria na vilevile Mto Simiyu, unaomwaga maji yake ziwani katika wilaya hiyo. Muuzaji apime umbali huo na kuueleza kwa usahihi. Maji ya ziwa hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na mandhari ya ziwa inayovutia wakati wa kiangazi inaweza kuwa tope wakati wa masika.

Kuandaa jengo

Nyaraka zikishakuwa tayari, ndipo fedha ya matengenezo itumike. Kipaumbele ni kasoro zinazohusu usalama na maji: paa linalovuja, mbao zilizoliwa na mchwa, nyaya za umeme zilizo wazi, choo kilichojaa na mifereji isiyopeleka maji mbali na msingi.

Sehemu za mabondeni wilayani Magu zina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaofahamika kwa wakazi kama udongo wa mbuga. Udongo huo huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha huonesha nyufa zinazoongezeka kila msimu. Kuziba ufa kwa saruji na kupaka rangi wiki moja kabla ya mnunuzi kufika hakutibu chanzo, na mvua za vuli zitaufungua tena. Ni bora fundi mwenye ujuzi akague, chanzo kieleweke, na gharama ya marekebisho izingatiwe katika bei.

Uwazi huo una msingi wa kisheria. Sheria ya Mikataba inaruhusu mkataba uliopatikana kwa udanganyifu kubatilishwa na aliyedanganywa. Muuzaji anayeeleza kasoro kwa maandishi hulinda fedha aliyopokea.

Baada ya hapo usafi, rangi ya ndani, vitasa na vioo hukamilisha kazi. Matengenezo makubwa, kama kubadili paa zima au kuongeza vyumba, yafikiriwe kwa makini, kwa kuwa gharama yake si lazima irudi katika bei. Ujenzi wowote wa nyongeza unahitaji kibali cha Halmashauri, na vibali vya awali viwekwe katika jalada la mauzo.

Kupanga bei

Bei ya jirani ni dalili tu, kwa kuwa jirani anaweza kuwa aliuza kiwanja chenye hati ilhali nyumba inayouzwa haina. Mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 huangalia ardhi, jengo, huduma na umiliki. Taarifa ya uthamini kwa ajili ya uhamisho huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na hutumika katika kukokotoa kodi.

Kuandika bei ndogo katika mkataba ili kupunguza kodi ni kosa, na humgeukia mnunuzi siku atakapouza naye. Malipo ya dalali yakubaliwe kwa maandishi mapema, pamoja na nani atakayeyalipa. Dalali asikabidhiwe hati halisi. Nakala inatosha.

Kodi za mauzo

Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mkazi anayeuza jengo au haki ya ardhi kwa faida hulipa asilimia 10 ya faida hiyo. Faida ni tofauti kati ya bei ya kuuza na gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Kwa mfano, mtu aliyetumia shilingi milioni 50 kujenga nyumba ya kupangisha na kuiuza kwa milioni 60 ana faida ya milioni 10, na kodi yake ni shilingi milioni 1. Asiyekuwa na kumbukumbu za gharama hukadiriwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kutegemea ipi ni kubwa, kufuatia mabadiliko ya mwaka 2023. Kwa nyumba hiyohiyo, kodi ingefikia shilingi milioni 1.8. Stakabadhi za saruji, mabati na mafundi zina thamani hata baada ya miaka mingi.

Sheria inatoa nafuu kwa makazi binafsi. Mtu aliyemiliki nyumba mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, halipi kodi hiyo iwapo faida yake haizidi shilingi milioni 15. Uhamisho hausajiliwi bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato Tanzania kwamba kodi imelipwa au haistahili kulipwa.

Upo pia ushuru wa stempu wa takribani asilimia 1 ya thamani, ambao kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, pamoja na ada za uhamisho na usajili. Kwa kuwa viwango hurekebishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, muuzaji athibitishe katika ofisi ya TRA kabla ya kusaini.

Mkataba na uhamisho

Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi. Mkataba utaje wahusika, maelezo ya kiwanja, bei, namna na tarehe za malipo, kasoro zilizoelezwa, siku ya kukabidhi nyumba na nani atalipa kodi ipi. Usainiwe mbele ya wakili au afisa mwingine mwenye mamlaka ya kushuhudia. Malipo yapite benki ili yaache kumbukumbu.

Kwa ardhi yenye hati, taarifa ya uhamisho huwasilishwa kwa Fomu Na. 29, maombi ya kibali kwa Fomu Na. 30, na uhamisho wenyewe kwa Fomu Na. 35. Nyaraka hizo huambatana na hati halisi, taarifa ya uthamini, stakabadhi za pango, ridhaa ya mwenza na uthibitisho wa kodi. Kwa ardhi iliyosajiliwa, haki huhama pale jina la mnunuzi linapoingizwa katika daftari la Msajili wa Hati. Fedha kubadilisha mikono hakuhamishi umiliki.

Mgogoro ukitokea

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi, bali husuluhisha. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akiwa na uthibitisho wa Baraza la Kata. Rufaa huenda Mahakama Kuu na hatimaye Mahakama ya Rufani. Mwananchi asiyemudu wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia watoa huduma na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Mwananchi wa Magu anayetaka kuuza nyumba anashauriwa kuanza katika ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya, au kwa Halmashauri ya Kijiji ikiwa nyumba ipo kijijini, akiwa na nyaraka zote alizonazo. Jalada lililokamilika linapaswa kuwa na hati, ridhaa ya mwenza au uteuzi wa msimamizi wa mirathi, stakabadhi za pango, majibu ya upekuzi, ramani ya mipaka, vibali vya ujenzi na kumbukumbu za gharama. Jalada hilo likiwa tayari, nyumba inaweza kutangazwa.